Mjomba Alipochanganya Viatu

Kwa zaidi ya miaka 20 mjomba wangu alikuwa na kazi moja isiyo na mshahara, na sijamwona mtu aliyeithamini kazi yake kama yeye. Adhana ikilia utamkuta ameshafika kwenye baraza ya msikiti wa mtaani kwetu, Ngamiani, Tanga, amechuchumaa kando ya mlango. Watu wakivua viatu, yeye anavipanga kwa safu. Imamu akishatoa salamu, anavigeuza vyote vielekee barabarani, ili mwenye navyo atumbukize miguu na kwenda zake. Hakumuuliza mtu kiatu chake ni kipi. Aliyajua makobazi ya mzee muuza kahawa, na malapa ya watoto wa madrasa, yaliyonunuliwa duka moja kwa rangi moja, aliyatambua kwa jinsi kisigino kilivyolika. Mgeni akifika, mjomba alimtazama miguu kwanza, uso baadaye.

Alizaliwa mwaka 1966 na ulemavu wa akili ambao madaktari huuita sindromu ya Down. Bibi aliambiwa mtoto huyu hatafika umri wa kwenda shule. Alifika, ila shule haikumpokea. Akalelewa uani, Bibi akamfundisha kufua, kukuna nazi, kukunja kanga pindo kwa pindo, na kuhesabu mpaka sita. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mjomba, na watoto wenye adabu walimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa sauti nzito kama mzee wa baraza.

Ijumaa moja ya mwaka 2017 mtu mmoja akarudi nyumbani amevaa malapa ya jirani yake. Watu wakacheka, wakabadilishana. Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Mama aliponipigia simu, hakuanza na habari hiyo. Alianza hivi: "Mjomba wako siku hizi amekuwa mkaidi. Nikimwambia akaoge, anakaa tu kitandani. Nikimkazania, ananitolea maneno." Ya viatu aliyataja mwisho, tukiwa tunaagana, kama jambo la kufurahishana. Nilinyamaza muda mrefu hata mama akadhani mtandao umekatika.

Nilinyamaza kwa sababu neno lile, mkaidi, nilikuwa nimeshalisikia kwa Kiingereza, likisemwa juu ya mtu mwingine, katika nyumba niliyokuwa nafanya kazi.

*

Ilikuwa nyumba ya wakazi sita wenye ulemavu wa akili, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, nasi wafanyakazi tukipokezana zamu usiku na mchana. Mmoja wa wakazi alikuwa mwanamke wa miaka 50 na kidogo, mwenye sindromu ya Down kama mjomba. Kazi yake ilikuwa kuandaa meza ya chakula cha jioni: sahani sita, uma sita, visu sita. Akianza hakutaka msaada wa mtu. Kisha ikatokea akaweka sahani nne na kusimama, ameshika mbili mkononi, anaangalia meza kama anaangalia barabara asiyoijua. Ukimkumbusha, anazitupa sahani na kwenda chumbani. Kwenye kitabu cha zamu tuliandika, na mimi nikiwemo: leo amekuwa mbishi. Leo amegoma kuandaa meza. Leo amegoma kuoga. Kurasa kwa kurasa za kugoma.

Muuguzi aliyeletwa kumwangalia alisoma kitabu kile chote, akakifunga, akauliza swali moja. Alikuwaje alipokuwa na miaka 30?

Tulitazamana. Aliyekuwa na muda mrefu kuliko wote kati yetu alikuwa na miaka minne pale. Wazazi wa mwanamke yule walishafariki. Mafaili yalijaa kabati zima, lakini yalichoandika ni amekula nini, amelala saa ngapi, ameoga au hakuoga. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alijua kufunga vifungo vya koti, au kwamba aliweza kwenda dukani peke yake na kurudi na chenji. Labda aliweza, labda hakuweza. Maisha ya mtu mzima, na hapakuwa na wa kuyasimulia.

Swali lile ndilo nililorudi nalo Tanga, na ndilo linalonifanya niandike makala haya.

*

Jambo lenyewe ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wake kidogo kidogo. Niseme kwanza kwa nini linawapata hasa watu wenye sindromu ya Down, kwa sababu nimegundua hata wahudumu wa afya wengine hawajawahi kuambiwa.

Wengi wetu tuna kromosomu 46 ndani ya kila chembe ya mwili, jozi 23; ni nyuzi ndogo zinazobeba maagizo ya kuujenga mwili. Mwaka 1959 Wafaransa Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walichapisha kwamba mwenye sindromu ya Down ana 47, na baadaye ikawekwa wazi kuwa ya ziada ni nakala ya tatu ya kromosomu ya 21. Miaka 25 ikapita. Mwaka 1984 huko California, George Glenner na Caine Wong walichunguza protini inayoganda kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, aina ya dimenshia inayowapata wengi, protini iitwayo amiloidi, wakaikuta protini hiyohiyo kwenye ubongo wa watu wenye sindromu ya Down. Miaka michache baadaye jeni inayoitengeneza, yaani agizo lake, ikapatikana, nayo ipo kwenye kromosomu ya 21.

Ukiunganisha hayo utaelewa. Mwenye nakala tatu za kromosomu hiyo ana nakala tatu za jeni hiyo, na mwili wake unatengeneza malighafi ya ugonjwa kwa wingi tangu ujana. Akifika miaka 40, karibu kila mmoja wao ana dalili za Alzheimer ndani ya ubongo, hata kama kwa nje anaonekana vilevile. Ireland waliwafuatilia wanawake 77 wenye sindromu ya Down kwa miaka 20. Karibu wote walipata dimenshia, na wastani wa umri wa kugunduliwa ulikuwa miaka 55.

Zamani haya hayakuonekana kwa sababu wengi hawakuishi kuyafikia. Katika nchi tajiri, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wastani wa maisha yao ulikuwa kama miaka 25. Leo ni karibu 60. Upasuaji wa moyo, dawa za nimonia, na kuacha kuwafungia watu kwenye mabweni ya serikali vimewapa umri, na umri umewafikisha kwenye ugonjwa huu. Kwetu nako wanaanza kuufikia. Mjomba alikuwa mmoja wao, kwa uji wa Bibi na kwa rehema za Mwenyezi Mungu.

Wenye ulemavu wa akili wa aina nyingine nao hupata dimenshia mara nyingi zaidi na mapema zaidi kuliko watu wengine, ila si kwa kiwango hicho. Nimeandika zaidi juu ya Down kwa sababu ndiyo niliyoiishi.

*

Nilirudi nyumbani mwaka 2018. Tulimpeleka mjomba hospitali. Sitaitaja. Daktari alikuwa kijana, mpole, na foleni nje ilikuwa ndefu. Mama akaeleza: haogi, hasemi sana, anachanganya viatu, usiku hatulii. Daktari akamtazama mjomba usoni, akamgeukia mama: "Lakini mama, si ndivyo alivyo?"

Sikumchukia. Ila maneno hayo yamenikaa kooni hadi leo, maana nimeona yanavyofunga mlango. Mwenye ulemavu wa akili akibadilika, mabadiliko yake yanatupiwa kwenye kapu la ulemavu wake. Akilia, ndivyo alivyo. Akinyamaza, ndivyo alivyo. Mwalimu mstaafu akianza kupotea njia ya kwenda sokoni, familia nzima inashtuka. Mjomba akipotea, watu husema huyu alikuwa amepotea tangu zamani. Hapana! Kutoka nyumbani hadi msikitini aliijua kila hatua, aliijua mifereji, alijua nyumba yenye mbwa.

Na vipimo vya kawaida vya kumbukumbu havisaidii. Mgonjwa huulizwa leo tarehe ngapi, rais ni nani, toa saba kwenye mia kisha toa saba tena. Mjomba tarehe hakuijua hata alipokuwa na miaka 25 na afya tele. Kwa kipimo hicho angepata sifuri maisha yake yote. Mtu kama yeye hupimwa kwa kulinganishwa na yeye mwenyewe wa jana, na wa miaka kumi iliyopita. Kwa hiyo wanasaikolojia na madaktari wa akili wa Uingereza wamependekeza kwamba kila mtu mwenye sindromu ya Down achunguzwe uwezo wake akiwa na kama miaka 30, angali mzima, na yaandikwe. Yakija mabadiliko, kuna pa kurejea. Kuna dodoso pia ambazo anayejibu ni mlezi anayeishi naye, mgonjwa hahitaji kujua tarehe.

Tatizo la umri nalo lipo. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulifanyika utafiti mkubwa wa dimenshia vijijini, na katika wazee wa miaka 70 na kuendelea ilikadiriwa kuwa asilimia 6.4 wanao ugonjwa huo. Ni kazi ya thamani na wengi tumejifunza kwayo. Lakini angalia umri: 70. Mjomba alianza kuchanganya viatu akiwa na 51. Hakuna aliyekuwa anamtafuta mgonjwa wa umri ule.

*

Nilimwomba daktari yule jambo moja: kabla hatujasema ni ubongo, tuangalie mengine. Nilifundishwa hivyo na yule muuguzi, na mtu akichukua neno moja tu kwenye makala haya, ningependa liwe hili. Wenye sindromu ya Down hupata kwa urahisi matatizo yanayofanana kabisa na dimenshia na yanayotibika. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikilegea, mtu huwa mzito, hunyamaza, husahau. Mtoto wa jicho huwapata wakiwa na umri mdogo. Mashimo ya masikio yao ni membamba, nta huziba, asiyesikia akadhaniwa haelewi. Wengi hukatika pumzi usingizini, kisha kutwa nzima wanasinzia. Kuna upungufu wa damu, kuna sonona, kuna kukosa choo, kuna jino bovu lisilosemwa. Mtu asiyeweza kusema "hapa panauma" husema kwa kugoma kuoga, au kwa kupiga.

Mjomba alikutwa na mawili. Masikio yote yalijaa nta, na tezi ilikuwa chini. Akasafishwa, akaanza vidonge. Wiki ya tatu alianza kuitikia marahaba kwa nguvu kama zamani na mama akafurahi, akachinja kuku. Viatu havikurudi. Aliendelea kuvichanganya, na mwezi wa nne akawa anavitazama tu. Hapo ndipo tulipokubali.

Na kulikuwa na la tatu, ambalo halikuonekana kwenye kipimo cha damu. Bibi alifariki mwaka 2015. Siku ile, kwa kumhurumia, wakubwa wa familia waliamua mjomba asiambiwe. Alipelekwa kwa jirani, akapewa soda na biskuti, maziko yakafanyika. Aliporudi akaambiwa Bibi amesafiri. Mtu aliyelala chumba kimoja na mama yake kwa miaka 49 akaambiwa amesafiri, bila kumuaga. Alimngoja. Alikuwa akikaa mlangoni magari ya Muheza yanapoingia, maana huko ndiko Bibi alikozoea kwenda kwa ndugu zake.

Mimi nilikuwa mbali, lakini nilijua na sikusema kitu, kwa hiyo nami nimo. Tulidhani kwa kuwa hawezi kueleza msiba, hawezi kuwa nao. Angepelekwa. Angeona jeneza likibebwa, angeshika udongo kama wanaume wengine wa ukoo. Tulimnyima haki ile, na miaka miwili baadaye alipoanza kufifia hakuna aliyeweza kusema kipi ni ugonjwa na kipi ni kungoja.

Dimenshia ilipomkamata, kungoja kule ndiko kulikobaki baada ya mengine kuondoka. Kila magharibi: "Mama yuko wapi?" Sasa ufanyeje? Ukimwambia amefariki, analia kama aliyesikia leo, na kesho unarudia. Ukimwambia amesafiri, anakwenda mlangoni. Kule Uingereza yule mwanamke wa sahani alikuwa anamuulizia baba yake, na mmoja wetu, kwa kuamini kuwa ukweli ni heshima, alimwambia kila siku. Kila siku ikawa msiba mpya. Mwishowe tulijifunza kutojibu swali bali kujibu hamu. Nikamweleza mama yangu. Akatulia, kisha akasema atajaribu kwa namna yake. Jioni ile mjomba alipouliza, mama akakaa naye kwenye mkeka: "Unamkumbuka mama, mdogo wangu? Alikuwa anatupikia nini asubuhi?" Mjomba akafikiri sana. "Vitumbua." "Vya nini?" "Vya mchele." Wakaenda hivyo hadi usingizi ukamchukua. Tangu hapo ndiyo ikawa desturi yao, na nyumba nzima ilijua kwamba ikifika magharibi dada mtu ana kazi, asiitwe.

*

Kuna mambo madogo ambayo kama nisingeyaona Uingereza yangetushinda kabisa.

Kaka yangu, kwa nia njema, aliweka marumaru sebuleni, nyeupe, zinazong'aa hadi unajiona. Mjomba akagoma kuingia sebuleni. Anasimama kizingitini, anainua mguu, anaurudisha. Watu wa nyumbani wakasema ameanza visa. Nikakumbuka yule mama wa Uingereza na zulia jeusi la mlangoni: wiki tatu alikataa kutoka, tukaandika amegoma kwenda matembezi, mpaka mtu akaliondoa zulia na yeye akatoka bila neno. Ugonjwa huu unaharibu namna jicho linavyopima kina. Kitu cheusi sakafuni kinakuwa shimo, na kinachong'aa kinakuwa maji. Mjomba alikuwa anasimama ukingoni mwa bwawa na sisi tunamwambia pita. Tukamhamishia chumba cha nyuma chenye sakafu ya zamani ya saruji, akatembea.

Sahani nayo. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani, na tulidhani hana hamu ya kula. Tukamwekea sahani ya plastiki ya bluu. Alikula.

Kikombe kikaanza kumruka asubuhi. Ameamka tu, anashika chai, mkono unaruka kama umeguswa na umeme, chai yote mwilini. Baada ya miezi kadhaa akaanguka kifafa. Alikuwa na miaka 54 na hakuwahi kuwa na kifafa maishani. Majirani wakasema ni upepo mbaya, na mzee mmoja tunayemheshimu akajitolea kuja kumsomea. Tulimkaribisha, akasoma, na sauti yake ilimtuliza mjomba kweli. Kesho yake tukaenda hospitali. Kifafa kinachoanza ukubwani kwa mwenye sindromu ya Down mara nyingi kinaambatana na Alzheimer, na kule kurukaruka kwa mikono asubuhi ni sehemu ya dalili. Mwambieni daktari juu ya mikono hiyo, msiseme kifafa peke yake, maana baadhi ya dawa za kifafa huzidisha mirukomiruko hiyo. Mkiweza, mrekodini kwa simu.

Usiku hakulala, na mama alikuwa na miaka 65. Mtu mmoja wa duka la dawa akatuuzia vidonge vya kumtuliza. Alilala kweli, na mchana akawa anayumba, akaanguka, akapasuka kichwani. Tukaviacha. Najua hatari ya kuongea mepesi kuhusu jambo hili: mlezi asiyelala naye anaugua. Kilichotusaidia ni zamu. Watoto wa kaka walichukua usiku wa Alhamisi na Ijumaa, na mama akaenda kulala kwa jirani kabisa, asisikie. Mchana tukamtoa mjomba juani na kumtembeza, na soda ya jioni tukaiondoa.

Dawa ya kuutibu ugonjwa wenyewe? Watu wameniuliza sana. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la memantini, dawa inayotumika kwa Alzheimer, kwa watu 173 wenye sindromu ya Down waliozidi miaka 40, Uingereza na Norway. Haikuwasaidia. Na dawa mpya za kuondoa amiloidi zilipofanyiwa majaribio makubwa, watu wa Down hawakuingizwa. Watu ambao ubongo wao ulionyesha dunia njia ya kuuelewa ugonjwa huu waliachwa nje ya mlango wa dawa. Linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

*

Wengi husahau rafiki za mgonjwa. Kule Uingereza wakazi wengine watano walimwona mwenzao anabadilika na hakuna aliyewaeleza, kwa kudhani hawataelewa. Mmoja aliacha kula mezani kwa kuogopa ugonjwa utamrukia. Tulipokaa nao na kuwaeleza kwa picha, kwamba ubongo wake unaumwa, hauambukizi, si kosa lake, huyo aliyeogopa ndiye aliyeanza kumshika mkono kumpeleka kiti chake.

Mtaani kwetu watoto walianza kumcheka mjomba alipokuwa anasimama na kiatu kimoja mkononi hajui akiweke wapi. Ustadhi akawakalisha madrasa, akawaambia mjomba anaumwa, na aliyekuwa amezoea kuwapangia malapa yao sasa ni zamu yao kumpangia. Nasikia hakuhubiri zaidi ya hapo. Wavulana wawili wakawa wanamjia nyumbani saa kumi, wanamshika mkono mmoja huku na mwingine kule, wanampeleka barazani. Waumini walikubaliana kimya kimya kuacha viatu vichache tu mbele yake, jozi tatu au nne, vilivyo tofauti kabisa kwa rangi. Hivyo aliviweza hadi karibu mwaka 2021.

Mwisho tulimfanyia hayo nyumbani. Kikapu cha ukindu, jozi tatu za malapa, ameketi kwenye mkeka. Anavitoa, anavirudisha. Mikono ilikuwa inajua hata wakati maneno yalishakwisha. Kumeza kulipoanza kumshinda, tulimlisha amekaa wima, uji mzito badala ya chai nyepesi, kijiko kwa kijiko, na hatukumlaza mpaka nusu saa ipite. Chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia ndiyo inayowachukua wengi. Ilimchukua naye, mwaka 2023, akiwa na miaka 57, mama amemshika kichwa.

*

Miezi michache baada ya arobaini alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili. Ana binti mwenye sindromu ya Down, amesikia habari zetu, ameogopa. "Na wangu atakuwa hivyo?" Sikuweza kumwambia hapana. Nilimwambia binti yake ana miaka mingi ya kuishi kabla ya hayo, na kwamba kuna kazi moja ya kufanya sasa, wala haina gharama. Nilitoa daftari la kurasa 48 nikampa kalamu.

Alidhani nataka aandike magonjwa. Nikamwambia hapana, andika anayoyaweza. Anavaa mwenyewe? Nguo akizigeuza nje ndani, anagundua? Anajua nyumba za akina nani? Anapenda wimbo gani, anachukia nini, akiumwa anafanyaje, akifurahi anafanyaje? Akichelewa kulala kesho yake yukoje? Na simu uliyonayo mkononi, kila Idi mrekodi dakika tatu: anapanda ngazi, anakunja kanga, anamsalimia mtu. Mwakani tena. Siku ukienda hospitali na ukaambiwa ndivyo alivyo, ufungue daftari.

Kwa mjomba tulijaribu kuliandika tukiwa tumechelewa. Tulikaa mama, mimi, mzee wa kahawa na imamu, tukakusanya kumbukumbu. Tulibishana kama aliwahi kuweza kufunga kifungo cha kanzu. Mama alisema ndiyo. Imamu alisema Bibi ndiye aliyemfunga siku zote. Hatukupata jibu.

Yule mama wa mtaa wa pili aliandika polepole, kwa herufi kubwa, binti yake ameegemea bega lake anatazama kalamu. Alipomaliza ukurasa wa kwanza alinipa nisome.

"Ana miaka 29. Anapika chai mwenyewe, anajua sukari ya kila mtu. Anaogopa paka. Anafagia uwanja vizuri kunishinda. Kamba za viatu hafungi, hajawahi."